Nani kafunga plombu? Kulinganisha TPM, SGX, Nitro, SEV-SNP na TDX kwa ofisi ndogo ya Lubumbashi

Mchimbaji akifika kwenye kidirisha chetu na mfuko wa mawe, mara nyingi amekwisha kupimiwa mahali pengine. Depo inayotaka kununua imeelekeza kimashine chake kwenye jiwe, imesoma kiwango cha shaba na cha kobalti, imemtajia bei. Yeye hakuridhika. Hana ushahidi kwamba kimashine kinadanganya. Anachojua ni kwamba kimashine ni cha mnunuzi, betri ni ya mnunuzi, na anayesoma kioo ni mtu wa mnunuzi. Basi amepanda teksi hadi kwetu, maabara ndogo ya Kampemba, alipie kipimo cha mtu asiyenunua wala kuuza.

Kazi yangu hapo si mawe, ni kompyuta. Na wasiwasi wa mchimbaji ndio uliomjia mkurugenzi wetu, mama ninayemheshimu sana, siku nilipopendekeza tuhamishe matokeo ya vipimo kutoka kwenye seva iliyo chini ya ngazi kwenda kwenye kompyuta ya wingu, yaani mashine ya kampuni nyingine inayokodishwa kupitia mtandao. Msimu wa mvua uliopita umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo mara nyingi mno, diski mbili zikafa ndani ya wiki moja, tukakaa siku tatu tunanakili namba kutoka kwenye karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa: “Ile mashini iko kwa benyewe. Tutajua namna gani kama habasome?”

Tutajuaje kwamba hawasomi. Matokeo ya maabara ni pesa kabla hayajamfikia mwenye mawe: négociant, yaani mnunuzi wa kati wa madini, akijua kiwango saa mbili kabla ya mchimbaji, bei imekwisha amuliwa. Niliomba muda nikasome na kujaribu. Haya hapa ni niliyoyapata, kwa ajili ya mtu mwingine wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi mwenye ofisi ndogo na swali kama hilo.

Ripoti yenyewe ni kitu gani

Njia zote nitakazozitaja zina wazo moja. Chipu iliyo ndani ya mashine ya mbali inapima programu zinazowaka juu yake, inaandika ripoti ya vipimo, inaisaini kwa ufunguo usiotoka nje ya chipu. Wewe, umekaa Lubumbashi, unaipokea, unahakiki saini, unalinganisha vipimo na vile unavyovitarajia. Vikilingana, unaikabidhi mashine ufunguo wa data zako. Visipolingana, huipi kitu. Ili mtu asikuletee ripoti ya mwaka jana, unatuma kwanza namba ya bahati nasibu, ya kutumika mara moja tu, nayo lazima irudi ndani ya ripoti.

Anayejua lori za katodi, yale mabamba ya shaba, ataelewa upesi. Lori likishapakiwa linafungwa plombu, kifungo cha chuma chenye namba. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakuna anayeshusha katodi moja moja. Wanasoma namba ya plombu na kuilinganisha na iliyo kwenye karatasi. Nguvu ya mpango huo haiko kwenye kile kichuma. Unauliza nani aliifunga, inashika mlango upi, na nani anayelinganisha namba. Nilizipitisha teknolojia zote kwenye maswali hayo matatu, na ndiyo yaliyonisaidia kuzitenganisha, kuliko jedwali lolote la sifa nililowahi kusoma.

TPM: nzuri nyumbani, haitoshi wingu

TPM ni chipu ndogo iliyo kwenye ubao wa kompyuta, au kipande cha prosesa kinachofanya kazi yake. Kanuni zake zinaandikwa na Trusted Computing Group. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2014, na wengi walilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2021, Microsoft ilipolifanya sharti la Windows 11. Ndani yake mna rejista ziitwazo PCR, kwa kawaida 24. Huwezi kuandika humo unachotaka. Unaweza kuongeza tu: chipu inachukua thamani iliyopo, inaiunganisha na alama ya programu inayofuata, inazipitisha pamoja kwenye heshi (hesabu inayotoa alama fupi ya kipekee), na tokeo linakuwa thamani mpya. Famuwea, programu ya kwanza kuwaka, inapima kipakizi, kipakizi kinapima keneli (kiini cha mfumo endeshi), mnyororo unaendelea. Mtu akigusa kiungo kimoja cha katikati, namba ya mwisho inatoka nyingine, na hakuna wa kuirudisha ilivyokuwa mpaka mashine iwake upya. Ikiwaka upya, inapimwa upya.

Kwa seva iliyo mikononi mwako hiki ni kitu kizuri, na huenda tayari umekilipia bila kujua. Keylime, mradi huria uliozaliwa MIT Lincoln Laboratory, unaiuliza TPM maswali yake mchana na usiku, si siku ya kuwaka tu, kwa kuwa keneli ya Linux ina IMA inayopima faili za programu zinapoendeshwa na kuongeza vipimo hivyo kwenye PCR ya 10. Kama ungebaki na seva yako chini ya ngazi, ningekuambia: anza hapo, weka na betri nzuri.

Kwenye wingu mambo yanabadilika. Hupewi ile chipu. Unapewa TPM pepe, inayotolewa na mfumo wa kampuni yenyewe. Shielded VM za Google, Trusted Launch ya Azure (wingu la Microsoft) na NitroTPM ya AWS (wingu la Amazon) ziko hivyo. Zinakukinga dhidi ya mwizi wa nje anayetaka kupandikiza programu mbaya pale mashine inapowaka, na huko zinafanya kazi ya kweli. Swali la mama mkurugenzi hazilijibu. Plombu imefungwa na mwenye lori. Zaidi ya hapo, TPM, hata iwe ya chuma halisi, haifichi RAM: anayeshika haipavaiza, programu inayogawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi, anaweza kusoma kumbukumbu ya mashine yako huku TPM ikiendelea kutoa ripoti safi kabisa. Nilipolielewa hilo niliacha kuitazama kama jibu, nikaanza kuitazama kama msaidizi.

Chumba kidogo kilichofungwa: SGX na Nitro

SGX ya Intel ilikuja mwaka 2015 na kizazi cha prosesa za Skylake. Programu inajikatia chumba ndani ya RAM, wanakiita enklevi, na prosesa inakisimba chumba hicho hata mfumo endeshi wa mashine hiyo hiyo usiweze kuchungulia. Kwa swali la mlango, hakuna plombu inayobana zaidi: unaamini chipu ya Intel na msimbo ulio chumbani, basi. Signal wanaitumia tangu 2017 kutafuta nani kati ya namba za simu yako yuko kwenye huduma yao, bila seva kuziona namba zenyewe.

Sikuichagua kwa sababu ya kazi inayodai. Mwanzoni chumba kilikuwa MB 128 kwa mashine nzima. Xeon (prosesa za seva za Intel) za mwaka 2021 zilikipanua hadi GB 512 kwa kila soketi, kwa hiyo ufinyu si kilio tena. Kinachobaki ni kwamba programu lazima igawanywe na kuandikwa upya, au iingizwe ndani ya kitu kama Gramine kinachoiigizia mfumo endeshi. Mfumo wetu ni hifadhidata ya PostgreSQL na programu ya PHP iliyoandikwa na kijana ambaye siku hizi yuko Johannesburg. Kuipasua vipande viwili na kubaki na uhakika kwamba matokeo hayakosei, sikuthubutu. Halafu jihadhari na maelekezo ya zamani: mengi yanakufundisha kuhakiki kwa njia ya EPID, na Intel iliifunga huduma hiyo Aprili 2025. Inayotumika leo ni DCAP.

Nitro Enclaves za AWS, zilizoanza Oktoba 2020, ni habari nyingine. Hapo enklevi ni mashine pepe ndogo inayokatwa kutoka kwenye mashine yako: haina diski ya kudumu, haina mtandao, msimamizi hana mlango wa kuingilia. Inaongea na mashine mama kwa mfereji mmoja tu uitwao vsock. Mashine mama ya Intel au AMD lazima iwe na vCPU (prosesa pepe) zisizopungua 4. Enklevi zenyewe hazidaiwi nyongeza. Ripoti yake inabeba PCR0, alama ya picha yote ya enklevi, na huduma ya funguo ya AWS, KMS, inaweza kuwekewa sharti kwamba ufunguo fulani usifunguliwe isipokuwa kwa enklevi yenye PCR0 hii. Mistari michache ya sera, umemaliza. Kati ya vyote nilivyojaribu, hiki ndicho nilichokiwasha upesi zaidi, mchana mmoja tu.

Sasa pitisha maswali matatu. Aliyetengeneza haipavaiza ni AWS. Anayesaini ripoti ni AWS. Anayelinganisha namba, kama unatumia KMS, ni AWS. Mnunuzi, kimashine na msoma kioo wametoka nyumba moja. Hilo halimaanishi kwamba wanasoma. Linamaanisha kwamba ripoti haiwezi kukuambia lolote juu yao usilolijua kwa kuamini mkataba wao.

Hata hivyo usiidharau. Nitro inakukinga vizuri dhidi ya watu wako mwenyewe: fundi mwenye nenosiri la seva, mtu aliyeacha kazi na bado ana ufunguo, mimi. Katika maabara ya mawe hatari ya mtu wa ndani ni kubwa kuliko ya mgeni, na ningekuwa na siri moja ndogo tu ya kulinda, kwa mfano ufunguo wa kusainia vyeti vya matokeo, ningeiweka humo na kulala.

Mashine nzima ndani ya kifuniko: SEV-SNP na TDX

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo PostgreSQL na PHP yetu zinapoingia bila kuguswa.

AMD walianza na SEV kwenye EPYC, prosesa zao za seva, za mwaka 2017: RAM ya mashine pepe inasimbwa kwa ufunguo ulio ndani ya prosesa. Ilikuwa na tundu, kwani mwenye haipavaiza hakuweza kusoma, ila aliweza kuhamisha kurasa za kumbukumbu na kurudisha za zamani. SEV-SNP, iliyokuja na EPYC 7003 Machi 2021, iliziba hilo. Intel walifuata na TDX: Januari 2023 kwenye Xeon za kizazi cha nne kwa makampuni machache ya wingu, kisha kizazi cha tano, Desemba 2023, kikaieneza. Kwa mtumiaji zinafanana: unaomba mashine pepe ya siri, unaiwasha, inakimbia kama nyingine.

Aliyefunga plombu ni nani? Kwa SNP, ripoti inasainiwa kwa ufunguo uitwao VCEK, unaozaliwa kutokana na siri ya chipu hiyo moja pamoja na toleo la famuwea yake. Cheti chake kinatoka AMD na kupanda hadi mzizi wa AMD. Kwa TDX saini inaishia kwa Intel, kupitia enklevi maalumu ya SGX; kumbe ile SGX niliyoiacha mlangoni iko mfukoni mwa ndugu yake. Ni tofauti kubwa na Nitro. Mwenye lori ni kampuni ya wingu, aliyefunga plombu ni mtengenezaji wa chipu, na hao wawili ni nyumba mbili. Lazima uamini mmoja wao, lakini ili kukudanganya bila kujulikana wanahitaji kushirikiana, au mmoja avunje kazi ya mwenzake. Mama mkurugenzi alilielewa hili kabla sijamaliza sentensi. Ndiyo biashara yake.

Ipo njia ya kati. Baadhi ya makampuni ya wingu hayatumii VCEK bali VLEK, ufunguo ambao AMD wanaupa kampuni hiyo badala ya kuufunga kwenye chipu moja. Mwanzoni niliona ni upungufu. Nitarudi kwake, maana nilibadili mawazo.

Swali la mlango ndilo lililonigharimu siku nne. Niliwasha mashine ya SNP, nikaomba ripoti, saini ikakubali, kipimo kikalingana, nikafurahi. Kabla ya kwenda kumwonyesha mkurugenzi nikajaribu kujiibia mwenyewe: nikabadilisha keneli na faili moja la programu yetu kwenye diski, nikawasha upya, nikaomba ripoti tena. Kipimo kile kile. Hakuna kilichobadilika.

Sababu iko wazi ukiisoma vizuri. Kipimo cha SNP, heshi ya SHA-384 yenye baiti 48, kinahusu kile tu kilichowekwa kwenye kumbukumbu mashine ilipozaliwa, na hicho ni famuwea pepe. Keneli, diski, programu yako, vyote vinakuja baadaye na haviingii. Plombu ilikuwa kwenye mlango wa dereva. Kontena lilikuwa wazi.

Dawa zipo. Ukiwa na mamlaka juu ya haipavaiza, unaingiza heshi za keneli na za mstari wake wa amri ndani ya famuwea, nazo zinapimwa. Mstari wa amri unabeba heshi ya mzizi ya dm-verity (kipengele cha Linux kinachokagua diski), hivyo diski ya mfumo nayo inashikwa. Kwenye wingu la umma mara nyingi huruhusiwi kuleta famuwea yako, na hapo SNP inakurudisha kwenye TPM pepe ili upime hatua zinazofuata. Ndipo inabidi uulize TPM hiyo inaishi wapi. Ikiwa ndani ya kifuniko cha mashine yako, vizuri, maana nayo imepimwa na chipu. Ikiwa nje, kwenye haipavaiza, umerudi kwa kimashine cha mnunuzi kwa mlango wa nyuma.

Hapa TDX inaizidi SNP kwa ofisi kama yetu. Mbali na MRTD, kipimo cha mwanzo, ina rejista nne ziitwazo RTMR zinazofanya kazi kama zile PCR: unaongeza tu, hufuti. Famuwea inaandika humo kipakizi na keneli, keneli nayo inaweza kuendelea, na zote zinaingia kwenye ripoti inayosainiwa kwa mnyororo wa Intel, bila TPM ya mtu yeyote. Nilirudia wizi wangu kwenye TDX: nilipobadilisha keneli tu, RTMR ikabadilika, mkaguzi akakataa kutoa ufunguo.

Kitu kimoja kwa zote mbili, na usikiruke. Ripoti ina baiti 64 unazojaza utakavyo. Weka humo heshi ya ile namba ya mara moja pamoja na ufunguo wa umma wa TLS (kanuni inayosimba mazungumzo ya mtandao) uliotengenezwa ndani ya mashine yenyewe. Usipofanya hivyo, mtu aliye katikati anaweza kukuonyesha ripoti halali ya mashine nyingine safi, huku mazungumzo yako yakienda kwenye mashine yake. Ni sawa na kuonyeshwa plombu ya lori la jirani. Na kagua sera iliyo kwenye ripoti: kama hali ya uchunguzi wa hitilafu imeruhusiwa, kifuniko hakina maana, kataa hapo hapo.

Nani analinganisha namba

RFC 9334, waraka wa kanuni za intaneti wa Januari 2023 kuhusu ripoti za aina hii, inataja wahusika wakuu watatu: anayetoa ushahidi, anayeukagua, na anayetegemea ukaguzi huo. Inaeleza pia njia mbili. Kwa njia ya kwanza mashine inakwenda kwa mkaguzi, inapewa hati, inakuonyesha hati hiyo kama msafiri na pasipoti pale Kasumbalesa. Kwa njia ya pili mashine inakupa ushahidi mbichi, nawe ndiwe unayeupeleka kwa mkaguzi.

Makampuni ya wingu yanatoa ukaguzi kama huduma, tayari na rahisi. Kwa swali letu, kutumia mkaguzi wa kampuni ile ile yenye mashine ni kufuta faida yote ya kwamba plombu ilifungwa na mwingine. Tuliweka wetu: kompyuta ndogo kwenye chumba cha mizani, yenye betri yake, ambayo haina kazi nyingine duniani. Ripoti ya SNP ni baiti 1,184. Ya TDX, pamoja na vyeti vyake, ni kilobaiti chache. Hata siku mtandao unapokokota miguu, na tunazijua siku hizo, zinapita. Vyeti vya AMD au Intel unavihifadhi hapo hapo, huhitaji kuvifuata kila mara.

Gharama yake uijue mapema. Mashine ya wingu ikiwaka upya wakati mkaguzi hana umeme, hakuna ufunguo, hakuna matokeo, mteja anasubiri. Tuna mkaguzi wa pili kwenye ofisi ya mhasibu wetu, mtaa wa Golf, na nakala ya ufunguo mkuu kwenye bahasha ndani ya sefu ya mkurugenzi. Ukikosa kimojawapo, usianze.

Bisibisi

Usimwamini mtu anayekuambia kwamba hizi ni ngome. Desemba 2024 watafiti walionyesha BadRAM: kwa vifaa vya takriban dola 10 waliidanganya kumbukumbu juu ya ukubwa wake na kuipindua SEV-SNP, AMD wakatoa marekebisho ya famuwea. Mwaka 2025 ikaja Battering RAM, kibao cha dola 50 kinachowekwa kati ya prosesa na RAM ya DDR4, dhidi ya SGX na SEV-SNP. Oktoba mwaka huo huo ikaja TEE.fail, kwa DDR5, chini ya dola 1,000, ikifika hadi funguo za kusaini ripoti za Intel zinazobeba TDX. Jibu la Intel na AMD lilikuwa kwamba mtu mwenye mikono juu ya ubao hayumo katika ahadi yao.

Nalichukua jibu hilo kwa uzito, kwa sababu linaamua mahali pa kuweka mashine. Seva ya SNP kwenye chumba cha kupangisha hapa mjini, ambamo watu kumi wana ufunguo wa mlango, haikulindi dhidi ya hao kumi. Katika kituo kikubwa cha data, ambako mfanyakazi hajui mashine yako imewaka kwenye seva ipi kati ya maelfu na kila rafu ina kamera, shambulio la kibao ni gumu zaidi. Sijui namna ya kuligeuza hilo kuwa namba, lakini siwezi kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani moja.

Funguo zikiweza kuibwa kutoka kwenye chipu yoyote iliyonunuliwa dukani, mwizi anaweza kusaini ripoti nzuri akiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo kuhakiki kwamba ni chipu halali ya AMD au Intel hakutoshi. Unataka kujua kwamba ni chipu iliyo kwenye wingu ulilolilipia. Hapo ndipo nilipobadili mawazo juu ya VLEK. Inakuficha chipu, lakini cheti chake kinataja kampuni ya wingu, na VCEK peke yake haifanyi hivyo. Vilevile mkaguzi wako awe na kiwango cha chini cha toleo la famuwea, akatae kila ripoti iliyo chini yake. Bila hilo marekebisho ya BadRAM hayakusaidii kitu.

Kuchagua

Azure ina kituo Johannesburg tangu 2019, AWS Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu Januari 2024. Kwetu hayo ndiyo ya karibu. Lakini kuwa na kituo hakumaanishi kuwa na kila aina ya mashine katika kituo hicho, na mashine za siri mara nyingi zinafika Ulaya na Marekani kwanza. Angalia orodha ya eneo kabla ya kupenda teknolojia. Mimi nilipenda kwanza nikaangalia baadaye, nikapoteza wiki. Na kama una majina ya watu, wagonjwa au wateja, soma Kanuni ya Kidijitali ya nchi yetu, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, sehemu ya data binafsi, ukiwa na mwanasheria, kabla data haijavuka mpaka.

Duka, shule, kanisa, ofisi inayoogopa wezi wa mtandaoni tu: chukua mashine pepe ya kawaida yenye TPM pepe, iwashe, usilipie zaidi. Mwenye siri moja ndogo na wafanyakazi wengi: Nitro. Mwenye programu mpya anayeiandika kuanzia leo, na fundi mzuri wa kudumu: SGX bado inabana kuliko zote. Mwenye programu ya zamani asiyotaka kuigusa na anayeogopa macho ya mwenye mashine, kama sisi: TDX ikipatikana, SNP yenye TPM ndani ya kifuniko isipopatikana, na kwa zote mbili mkaguzi wako mwenyewe. Bila mkaguzi wako mwenyewe ningekushauri ubaki na ile ya bei ndogo.

Tulichukua TDX. Jumatatu moja kampuni ya wingu ilisasisha famuwea pepe, mashine ikawaka upya alfajiri, MRTD ikawa nyingine, na kompyuta ya chumba cha mizani ikakataa kutoa ufunguo. Saa mbili asubuhi kulikuwa na wachimbaji watano kwenye kidirisha. Mama mkurugenzi alikuja kusimama nyuma yangu, akaniuliza ni nani aliyekataa, wao au sisi. Nikamwonyesha kile kiboksi chenye taa nyekundu kando ya mizani. “Sisi, mama. Hii yetu.” Akaenda mwenyewe kuwaambia wateja wasubiri. Nililinganisha kipimo kipya na kile kampuni ilichokitangaza, nikakiandika kwenye daftari, tukaweka saini zetu mbili, na saa tatu kasorobo ufunguo ukatoka.